Waraka kwa Ndugu wa Laela: Kuku wa Kukaanga na Mamlaka Zake Mjini Newcastle

Kuku wa kukaanga, kwa maana inayotumika katika waraka huu, ni kuku aliyekatwa vipande, akalazwa katika chumvi na viungo, akatumbukizwa katika mafuta ya moto hadi akageuka rangi ya kahawia, kisha akaliwa na watu wa nyumba moja pamoja na ugali na kachumbari, bila sherehe wala mgeni wa kusingiziwa. Maana hiyo haibadiliki kutoka Laela, katika uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, Tanzania, hadi Newcastle upon Tyne, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza ambako inaishi kaya yenye asili ya Laela inayozungumziwa hapa. Kinachobadilika ni mwenye kauli juu ya kuku huyo. Laela kauli ni ya ukoo: bibi ndiye anayejua mtetea gani ameacha kutaga na kwa hiyo hana tena hoja ya kuendelea kuishi, watoto ndio wanaomkimbiza, mjomba ndiye anayeshika kisu, na jirani aliyesikia kelele ndiye anayepita kusalimia wakati ambao, kwa bahati isiyoelezeka, sufuria linaepuliwa. Newcastle kauli ni ya serikali, ambayo haialikwi mezani wala haipiti kusalimia, lakini ina neno la kusema tangu kuku anapototolewa hadi mafuta yaliyomkaanga yanapopoa. Ndugu ambao wamekuwa wakiuliza kwa simu ni kwa nini watu wanaoishi Ulaya, penye umeme usiokatika na maji yasiyosubiriwa, hutumia Jumamosi nzima kwa mlo ambao Laela huanza jua likizama na kwisha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, wanajibiwa hapa kwa utaratibu.

Inafaa kuanza na kuku mwenyewe, kwa sababu yule wa Newcastle na yule wa Laela wanashirikiana jina kuliko tabia. Kuku wa kienyeji wa Ufipa hukua kwa miezi sita na zaidi akijitafutia riziki, na katika muda huo huwa amekwishamkimbia mwewe, mbwa, baiskeli na mabasi ya Tunduma, na misuli yake huyakumbuka matukio hayo yote. Broila, yaani kuku wa kisasa wa nyama, hufikia uzito wa kuchinjwa kwa wiki tano au sita, na chimbuko la mwendo huo ni pamoja na mashindano yaliyofanyika Marekani kati ya mwaka 1946 na 1948, yakiungwa mkono na kampuni ya maduka ya A&P na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, ambamo wafugaji walitakiwa kumzalisha "Kuku wa Kesho", ndege mwenye kidari kinene na ukuaji wa haraka. Kuku huyo alipatikana na uzao wake ukaenea duniani, na sifa yake kubwa kwa mtazamo wa mpishi ni kwamba hajawahi kukimbia kwenda popote.

Tofauti hiyo ina matokeo yake jikoni, hasa ikiunganishwa na jiografia. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo nyama ngumu inayopikwa katika maji yasiyofikia moto kamili hudai muda mrefu. Ndiyo maana kanuni ya bibi wa Laela, kwamba kuku huchemshwa kwanza mpaka alainike ndipo akaangwe, ni sayansi sahihi kabisa mahali pake. Newcastle iko kando ya mto Tyne, si mbali na bahari, maji yake huchemka kwa nguvu zote, na broila wa huko akichemshwa kwa muda ambao bibi huuita "kidogo tu", kinachopatikana sufuriani ni mifupa misafi na supu nzito isiyo na mwenyewe. Hali hiyo imeripotiwa Laela na kupokewa kwa jibu fupi kwamba huyo hakuwa kuku.

Pendekezo la wazee kwamba kaya ifuge kuku wake yenyewe, nyuma ya nyumba, lilipokelewa kwa heshima na kuchunguzwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mtu anayefuga kuku katika England, hata awe na mmoja, anapaswa kisheria kumwandikisha serikalini, ilhali zamani wajibu huo uliwahusu wenye ndege 50 na kuendelea. Sababu ni mafua ya ndege, ugonjwa unaoenezwa pia na ndege wa porini wanaohama, na ambao ukipamba moto serikali hutoa amri kwamba kuku wote wafungiwe ndani. Mtu wa Laela anayefahamu jinsi ilivyo kazi kupata vitambulisho vya watu wote wa nyumba moja ataelewa ni kwa nini hatua hii pekee ilipunguza ari. Zaidi ya hapo, tangu mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001 ni marufuku nchini humo kumlisha kuku mabaki ya jikoni, hata yawe majani ya kabichi, maadamu yamepita katika jiko la nyumba. Kwa tafsiri ya sheria hiyo, ukoko wa ugali, ambao Laela ni haki ya kuku isiyojadiliwa, Newcastle unaweza kumfikisha mwenye nyumba mahakamani.

Jogoo ana hali mbaya zaidi. Sheria ya Bustani za Kukodi ya mwaka 1950, inayohusu vipande vya ardhi ambavyo halmashauri huwakodisha wananchi wa mjini ili walime mboga, inamruhusu aliyekodi kufuga mitetea na sungura kwa matumizi yake mwenyewe, lakini ruhusa hiyo haimtaji jogoo. Anayemfuga nyumbani kwake hukabiliana na Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990, ambayo chini yake kelele zikithibitika kuwa kero, halmashauri humpelekea mwenye mali hati ya kuamuru zikome. Laela jogoo ndiye anayewaamsha watu waende shambani na hakuna aliyewahi kufikiria kumjibu kwa maandishi.

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo wazee wa Laela huenda hawakuwahi kuelezwa na ambalo kwa haki walipaswa kulijua. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi unaofyeka kuku wa vijijini, hasa katika miezi ya ukame, kiasi kwamba banda lililolala na kuku wengi huamka na manyoya. Na katika vitabu vya tiba ya mifugo duniani kote ugonjwa huo huitwa ugonjwa wa Newcastle, kwa sababu mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana katika kisiwa cha Java, ulizuka pia katika shamba karibu na mji huu, na mtaalamu aliyeuchunguza, T. M. Doyle, akauandika kwa jina la mahali alipoukutia. Kwa maneno mengine, mtoto wa Laela amekwenda kuishi na kulipa kodi katika mji ulioupa jina ugonjwa uliowamaliza kuku wa bibi yake. Bibi alipoarifiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wenyeji wa huko wameomba radhi. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hudondoshwa tone moja katika jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, ilitengenezwa na wataalamu wa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, na inapatikana Tanzania. Asiyechanja kwa kisingizio cha umbali wa dawa hana tena pa kujificha.

Kwa kuwa kufuga kumeshindikana, kuku hununuliwa. Newcastle ina soko la ndani liitwalo Grainger Market, lililofunguliwa mwaka 1835, ambako bado kuna wenye mabucha wanaozungumza na mteja, lakini kaya nyingi hununua katika maduka makubwa ya kujihudumia, ambako kuku hulala katika visahani vya plastiki vilivyofunikwa kwa karatasi angavu, bila kichwa, bila miguu, bila chochote ambacho kingemkumbusha mnunuzi kwamba aliwahi kuwa na rai yake. Bei hufuata wasifu. Aliyelelewa ndani ya banda ni rahisi. Aliyeruhusiwa kutoka nje na kutembea ni ghali. Na kuna wa daraja la juu, mwenye ngozi ya manjano, ambaye lebo yake hutangaza kwa fahari kwamba alilishwa mahindi, sifa ambayo kisheria huhitaji mahindi yawe angalau nusu ya chakula alichopewa kwa sehemu kubwa ya kunenepeshwa kwake. Kuku anayetembea na anayekula mahindi, katika wilaya inayolima mahindi mengi kuliko inavyoweza kuyahifadhi, huitwa kuku basi, na Laela huuzwa akiwa amefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, bila lebo. Wazo la shangazi la kutuma mmoja aliyekaushwa, kupitia msafiri, halikufika mbali, kwa kuwa ni marufuku kuingiza nyama Uingereza katika mizigo binafsi kutoka Tanzania, hata iwe ya kula na familia.

Mgogoro mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulihusu maji. Mwezi Juni 2014 Wakala wa Viwango vya Chakula, chombo cha serikali ya Uingereza kinachosimamia usalama wa vyakula, uliwataka wananchi waache kumwosha kuku mbichi kabla ya kumpika. Hoja yake ni kwamba ngozi ya kuku mara nyingi hubeba kampilobakta, bakteria wanaosababisha kuharisha na kuumwa tumbo, ambao moto huwaua lakini maji ya bomba huwarusha kwenye sinki, kwenye mabomba, kwenye vikombe na kwenye mikono, hivyo kwamba anayeosha kuku husafisha nyama kwa kuchafua jiko. Kitaalamu hoja haina kasoro. Kwa upande wa pili, hakuna mwanamke wa Laela anayeweza kupika kuku asiyeoshwa kwa ndimu na chumvi na kisha kuendelea kuitwa mke wa mtu, na ndipo mkwe wa kaya hii alipolazimika kulifikisha suala mahali panapohusika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Mama, huku serikali inasema kuku haoshwi."

"Hiyo serikali ina mama?"

"Wanasema maji yanatawanya vijidudu, mama."

"Basi usitawanye. Nani alikwambia uoshe kama unazima moto?"

Wachambuzi wa sera za umma wangefanya vyema kuyatafakari maneno hayo ya mwisho, ambayo yalimaliza mgogoro ulioshinda mabango. Kuku wa kaya hii huoshwa ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, ndimu na chumvi, taratibu, bila bomba kufunguliwa, kisha beseni, sinki na mikono hufuatiwa kwa sabuni na maji ya moto. Na mapazia ya jikoni hufungwa wakati wote wa shughuli hiyo, ingawa hakuna ushahidi kwamba Wakala una mtu anayechungulia madirishani.

Kuhusu mafuta hakuna haja ya maneno mengi. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoani Rukwa hukamuliwa kwa mashine za mitaani na kuuzwa katika vidumu vilivyowahi kuwa vya kitu kingine, Uingereza yalitegemea kwa kiasi kikubwa mashamba ya Ukraine, na vita vilipozuka huko Februari 2022 chupa ziliadimika hadi maduka yakaanza kugawa: ilipofika Aprili mwaka huo Tesco waliruhusu chupa tatu kwa mteja, na Waitrose na Morrisons mbili. Watoto wa mkulima wa alizeti wa Laela walishika foleni kwa chupa mbili.

Utaratibu wenyewe wa kukaanga ni mfupi kuliko maelezo yake. Mapaja hulazwa usiku kucha katika maziwa ya mgando yenye chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, kwa kuwa uchachu wa maziwa hulainisha nyama na kuifanya ishike unga. Asubuhi hutolewa, huchujwa, na kugaragazwa katika unga wa ngano uliochanganywa na pilipili manga na bizari, kisha huachwa kidogo mpaka unga uonekane umelowa, la sivyo utabaki kwenye karai. Mafuta hayazidi theluthi moja ya kina cha chombo, kanuni ya vikosi vya zimamoto ambayo kwa mara moja serikali na bibi wanakubaliana nayo, na joto lake liwe nyuzi 175 hivi, ambalo hupimwa kwa kuchovya ncha ya mwiko wa mti na kutazama kama viputo vinajikusanya kuuzunguka. Juu ya dari kuna kengele ya moshi, chombo ambacho tangu tarehe 1 Oktoba 2015 kila mtu binafsi mwenye nyumba ya kupangisha katika England hulazimika kukiweka katika kila ghorofa linalokaliwa, na ambacho hakitofautishi nyumba inayoungua na familia inayokula vizuri. Mtoto wa kati ndiye aliyeteuliwa kusimama chini yake na taulo na kupunga bila kupumzika, kazi anayoifanya kwa uadilifu, huku akidai malipo ya kipande cha ziada.

Bibi hushiriki kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chumvi. Picha mara nyingi hukwama, kwa sababu mtandao wa upande mmoja au mwingine huelemewa, lakini sauti hupita, na sauti inamtosha. Kipande kibichi kinapoingia katika mafuta, maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa ghafla na kutoa mlio mkali wa haraka. Kadiri maji yanavyokwisha karibu na ngozi mlio hupungua na kuwa mwembamba, na hapo ndipo upande mmoja umeiva. Mama wa nyumba aliyesomea uuguzi, mwenye kipimajoto cha nyama mkononi, bado anasubiri kisomeke nyuzi 70 kwa dakika mbili kama inavyoshauriwa, wakati kutoka Laela inasikika sauti ikisema, "Geuza hicho cha pembeni, kimenyamaza." Kipimajoto hakijawahi kumpinga.

Mafuta yaliyobaki ni sura nyingine. Laela hurudishwa chupani yakakaangie maandazi, kisha mboga, na kama yamechoka kabisa hupakwa bawaba za mlango. Uingereza watu wengi waliyamwaga katika sinki kwa miaka mingi, na mwezi Septemba 2017 mafundi wa majitaka walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel, London, donge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa vya kufutia, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, likiwa limeziba mfereji wa zamani. Na Februari 2018 kipande chake kiliwekwa katika Jumba la Makumbusho la London, ndani ya kioo, ambapo wananchi walikwenda kukitazama. Ndugu waliopata kuamini kwamba makumbusho huhifadhi mambo ya wafalme pekee wazingatie habari hiyo. Kaya ya Newcastle huyarudisha mafuta chupani.

Mtu anaweza kuuliza ni kwa nini basi wasinunue kuku aliyekwishakaangwa, kwa vile maduka ya namna hiyo yako kila kona, na kubwa kuliko yote hubeba picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na tai nyembamba, ambaye baba mkubwa alidhani ni mchungaji. Huyo ni Harland Sanders, aliyeanza kuuza kuku katika kituo cha mafuta ya magari huko Corbin, Kentucky, na ambaye ukanali wake ni heshima aliyopewa na gavana wa jimbo hilo mwaka 1935, si wa vitani. Lakini Februari 2018 kampuni yenye picha hiyo ilibadilisha wasambazaji wake Uingereza, kuku wakakwama njiani, na zaidi ya nusu ya migahawa yake 900 hivi ikafungwa kwa kukosa kuku, mpaka polisi wa Tower Hamlets, mashariki mwa London, wakawaomba wananchi hadharani waache kuwapigia simu kuhusu jambo hilo. Nchi ambayo mwananchi huita polisi kwa sababu kuku amekosekana si ya kutegemewa kwa kitoweo. Laela polisi huitwa kuku anapokosekana, lakini huko huwa kuna mtuhumiwa.

Linabaki suala la ugawaji wa vipande, ambalo ndilo lililosababisha waraka huu kuandikwa na ambalo kaya imeshindwa kuliamua. Kuku wa Laela ana mapaja mawili, kidari kimoja, mgongo, shingo, vipapatio na firigisi moja, na kwa sababu hiyo kila mtu katika nyumba ana kipande kinacholingana na umri na cheo chake: firigisi ni ya baba, na aliyeila bila ruhusa hukumbukwa kwa hilo hadi harusini kwake. Pakiti ya Newcastle ina mapaja manane yanayolingana, hivyo mtoto wa darasa la kwanza hula sawasawa na aliyelipa. Baba wa nyumba, akitafuta kurejesha utaratibu, alikwenda katika maduka ya Waasia ya barabara ya West Road, ambako firigisi zinapatikana, na akagundua kwamba huuzwa kwa kilo. Alirudi na mfuko mmoja. Zilipokaangwa zilijaa bakuli, kila mtoto akachota kwa kijiko, na mdogo wao akasema hazipendi, ni ngumu.

Wazee wanaombwa kwa heshima watoe mwongozo: firigisi zikiwa nyingi kuliko akina baba, je, zote ni za baba, au ya kwanza tu kuepuliwa ndiyo yenye hadhi, na je, mtoto anayeikataa firigisi ahesabiwe kuwa amedharau au amesaidia? Jibu linaombwa lifike kabla ya Krismasi, kwa kuwa shemeji wa Leicester ametangaza kuja na watoto wake wote, na yeye firigisi anaila.